Koko Alikuwa na Maneno na Mungu

Mwaka jana nilirudi Butembo, mashariki ya Kongo, baada ya miaka mingi, nikapanda hadi mtaa wa Mususa kuona mahali nilipokulia. Kiwanja chetu nilikitambua kwa mteremko wake tu. Nyumba ya matofali haipo, jiko la miti halipo, wala ule mstari wa mikaratusi uliotukinga na upepo. Pamejengwa karakana ya kuchomelea milango ya chuma, na mafundi wawili wenye miwani myeusi hawakuelewa huyu mama anatafuta nini kati ya cheche zao. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja mhubiri alikuwa amesimama na kipaza sauti, anawaambia wanawake waliotoka sokoni na mizigo kichwani kwamba mwenye imani haogopi kitu, na anayeogopa hana imani. Alilisema mara sita. Mara ya saba nilihisi damu inanipanda, nikaondoka kabla sijamnyang'anya kile chombo.

Mimi ni mtu wa kanisa, usije ukadhani vingine. Lakini nililelewa na mwanamke aliyeogopa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na ndiye huyo huyo aliyekuwa na amani kuliko wote. Ilinichukua muda kuyakubali hayo mawili kwa mpigo, na karibu muda wote huo niliupitisha nikiwa nimekasirika. Keti nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya vita, ile vita iliyokuja wakati ya kwanza haijaisha vizuri. Sisi watoto tulishazoea kuamka na kukuta askari wapya kwenye bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, wakizungumza Lingala au lugha ambazo hatukuwahi kuzisikia, na wakubwa wapya kwenye biro, yaani ofisi, zilezile. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumbani tulikuwa wanne: koko, yaani bibi yangu aliyemzaa mama, mama mwenyewe, baba, na mimi, mtoto wa pekee, jambo lililowasikitisha majirani kuliko lilivyonisikitisha mimi.

Butembo ina baridi, kama unavyojua. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni kama maziwa yaliyoganda, na kabla ya kuona mtu ulimsikia: chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikishuka mlima na magunia ya viazi, breki zake za kiatu cha mpira zikilia, wanawake wakisalimiana kwa Kinande kutoka kilima hadi kilima. Ndani ya jiko letu kulinukia moshi wa makala, ndiyo makaa yetu, na maharagwe. Jioni tulikula bugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, na sombe bila mafuta ya mawese si sombe, na mafuta yalitoka Beni, kule chini kwenye joto. Viazi vyetu na puaro zetu, vile vitunguu vya majani marefu, zilishuka Beni, mafuta na mchele vikapanda kwetu. Barabara ile ikifungwa, sufuria yetu ilijua kabla yetu.

Mama alikuwa na mdogo wake mmoja, aliyeolewa Beni, katika mtaa wa Bungulu. Mume wake alikuwa ametoka nyumbani kutafuta kazi upande wa Uganda na vita ikamfungia huko, naye mama mdogo akabaki peke yake na mimba ya kwanza. Siku zake zilipokaribia, mama alifunga viazi na maharagwe katika kikwembe, kitenge chake, akapanda lori la wafanyabiashara. Alituambia mlangoni, huku akinifunga kitambaa cha kichwa ambacho nilikuwa nimeshakifunga mwenyewe, "Mutoto akizaliwa na kitovu ikianguka, narudi. Wiki moja tu."

Siku ya tatu mapigano yakazuka barabarani, kati ya Butembo na Beni.

Wakati huo hapakuwa na simu za mkononi. Kulikuwa na foni, ile redio ya kupigia kelele ambayo wafanyabiashara walikuwa nayo katika vibanda vyao; unapanga mstari, mwenye chombo anaita Beni, na Beni ikijibu unapiga makelele ya dakika mbili mbele ya watu arobaini wanaosikia mambo ya nyumbani kwenu. Baba alikwenda kila siku baada ya shule. Beni haikujibu. Wakati mwingine ilijibu sauti isiyojulikana ikisema maneno ya Lingala, kisha ikakata.

Nikueleze baba. Alikuwa mwalimu wa sekondari, Mkasai, mtu wa jimbo la mbali la Kasai, aliyetumwa na serikali Butembo kabla sijazaliwa, akaoa hapa, akabaki. Mtu mwema, shati limepigwa pasi hata siku ya risasi. Lakini woga wake ulitoka kwa njia ya mipango. Nyuma ya mlango wa sebule alichora kwa chaki ramani ya kukimbia, yenye mishale, yenye "njia A" na "njia B", na nyingine aliyoiandika "in extremis", yaani ya dakika ya mwisho, ambayo ilipita katikati ya choo cha jirani. Kulikuwa na mfuko mmoja wa safari. Redio ikisema mambo yamekuwa mabaya, tunaufunga. Ikisema kuna mazungumzo ya amani, tunaufungua. Nguo yangu ya kanisa iliingia na kutoka katika mfuko ule mpaka ikapoteza kola. Siku moja nilimwuliza tutakimbiaje na mama yuko hukohuko vita inakotoka. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyeuliza swali la mtihani wa mwaka unaofuata, akaongeza mshale mmoja.

Halafu kulikuwa na mama jirani. Aliuza makala, kwa hiyo nusu ya mji ilipita kwake, na kila aliyepita alimwachia kitu kinywani. Kila siku alikuja kwetu, akakaa kwenye kiti cha baba, akatuletea habari. Jumatatu alimwua mama yangu mtoni. Jumatano alimfufua, akamweka katika kanisa moja la Mulekera, hukohuko Beni, pamoja na wakimbizi. Ijumaa alimchukua kutoka kanisani na kumpeleka porini mikononi mwa askari. Wiki iliyofuata lilianguka lori, na mama alikuwamo. Kila mara alilia machozi ya kweli, na kila mara alimaliza kwa kusema, "Mais mi hapana jua, njo vile banasema," yaani lakini yeye hajui, ndivyo watu wanavyosema. Nilimchukia kwa moyo wangu wote wa kitoto. Leo najua alikuwa anatupenda, naye hakuwa na zawadi nyingine ya kuleta.

Lakini aliyenimaliza nguvu hasa alikuwa koko.

Koko hakubadilika. Unaelewa maana yake? Dunia imepasuka, na yeye bado anataka unawe miguu kabla ya kuingia ndani. Alfajiri alituamsha kwa wimbo, ukungu ukiwa bado mlangoni, tukapiga magoti kwenye mkeka, akaomba. Na aliomba polepole, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Alishukuru kwa chumvi. Alishukuru kwa paa. Alimwombea mama jirani na mapafu yake, kwa sababu ya vumbi la makala. Aliwaombea askari wa bariyeri, ambao mama zao wako mbali. Akifika kwa mama yangu na mama mdogo alitaja majina yao, mara moja tu, kwa sauti ileile aliyotumia kwa chumvi, akapita. Nilingoja kila siku alie, apige sakafu, afanye jambo fulani. Alisema amina, akaenda kuchambua maharagwe.

Wiki ya pili nikashindwa. Ilikuwa mchana, tumekaa nje ya jiko, ungo uko kati yetu, yeye anatoa mawe na maharagwe yaliyooza, mimi namwangalia tu. Mama jirani alikuwa ametoka dakika chache zilizopita. Safari hii mama yangu alikuwa amekufa kwa homa. Koko alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kikombe cha chai, akamsindikiza, akarudi kwenye ungo. Vidole vyake vikaendelea, tak, tak, tak.

Niliupiga ule ungo teke. Maharagwe yalimwagika hadi chini ya mikaratusi. Nikamwambia, "Koko, weye hauna roho? Mama anakufa, na weye unachagua maragi."

Nilitegemea kofi. Kwetu mtoto hasemi na koko hivyo akabaki na masikio yote mawili. Yeye akasema neno moja tu: "Okota."

Nikaokota. Punje moja moja, kutoka kwenye majani makavu, huku nikilia kwa hasira, naye amekaa pembeni ananionyesha ninazoziruka. Ilichukua hadi jua likaelekea kilimani. Sijui kama umewahi kukasirishwa na utulivu wa mtu. Ni kama kugonga mlango wa nyumba ambayo unajua ina watu.

Tangu siku hiyo nikaacha kuomba. Sikumwambia mtu. Alfajiri nilipiga magoti kama kawaida, lakini midomo niliibana na macho niliyaacha wazi, ili Mungu ajue hali ilivyo. Asubuhi ya pili, katikati ya shukrani ya paa, niligeuza macho nikakuta baba naye ameyafumbua. Tulitazamana juu ya mgongo wa koko. Hakunikaripia. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mwalimu anayekutana na mwenzake kwenye korido, na tukaendelea kutazama ukuta, kila mtu upande wake.

Na mtu mwenye macho wazi huona vitu. Niliona kwamba koko hakuwa anakula. Alijipakulia, akakoroga, akasukuma sahani kwangu akisema ameshiba. Niliona pia kwamba kila siku baada ya chakula cha mchana alichukua jembe na kushuka bondeni, kwenye kipande chetu cha puaro karibu na kijito, na kwamba hakutaka mtu amfuate. Hapo mwanzo nilikuwa nikishuka naye kupalilia. Sasa akasema mimi nibaki nichunge nyumba. Kuichunga dhidi ya nini, hakusema. Na puaro hazihitaji palizi ya kila siku, hata mtoto wa mjini anajua.

Siku moja nikamfuata. Sikwenda kwa upendo, nakiri. Nilikwenda kumkamata. Nilitaka nimkute amelala chini ya mti, au anazungumza na wanawake wenzake na kucheka, nipate sababu ya kumkasirikia ambayo mtu mwingine angeielewa.

Nilimsikia kabla sijamwona. Nilidhani anagombana na mtu, nikajibanza nyuma ya mabua ya mahindi. Alikuwa peke yake, amesimama katikati ya puaro, analima ardhi ambayo ilikuwa imeshalimwa ikawa laini kama unga. Na alikuwa anamgombeza Mungu.

Alisema kwa Kinande, kwa sauti yote, kama mama anavyomgombeza mkwe aliyemrudisha binti bila viatu. Nakupa kwa Kiswahili, ingawa kinapoteza chumvi, ila jina la Mungu naliacha kama alivyoliita. "Nyamuhanga, nilizaa nane," akapiga jembe. "Sita umechukua, na sikukufuata mlangoni kwako kukuuliza." Akapiga jembe. "Nimebaki na wawili, na wote wawili uko nao kwenye barabara moja. Sasa hapo ulifikiria nini?" Akamwambia asijifanye ana kazi nyingi. Akamwambia kwamba anamjua, kwamba hawajaanza kuonana leo, kwamba yeye alimfagilia kanisa lake tangu likiwa la nyasi. Akamwambia kwamba anaogopa. Kwamba anaogopa mpaka chakula hakipiti, na yeye Mungu anaona, na amekaa. Kisha jembe likaanguka. Akajifunika uso kwa kikwembe na kulia, si kilio cha kanisani, bali kilio cha mtu kama anayetapika.

Sikuwahi kuona mtu mzima analia vile.

Baadaye akanyamaza. Alikaa chini, mikono juu ya magoti, anaangalia kijito. Alikaa hivyo muda mrefu. Siwezi kukuambia kilichopita hapo, kwa sababu hakikuwa changu, na kwa macho hakuna kilichoonekana: bibi mmoja mwenye matope, amekaa. Lakini nilimwona anavyoinuka. Mabega yalikuwa mengine, kama ya mtu aliyetua mzigo. Alinawa uso kijitoni, akafunga kitambaa upya, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wasingya," ndiyo asante yetu, akaokota jembe. Kisha akasema, bila kugeuka, "Toka kwa ile mihindi, utavunja."

Nikatoka. Niliogopa kumwangalia. Nikamwambia kitu pekee kilichokuwa kichwani, "Koko, nilizani weye hauogopi."

Akacheka kidogo, kwa pua. "Mi naogopa kupita nyinyi bote," akasema. "Mais kule nyumba kuko mutoto, na kuko mwanaume wa redio. Mutu moja anapashwa kupika. Basi woga yangu naleta huku. Namupatia Yeye yote, na matusi yake. Nikimaliza, narudia mwepesi, napika."

Nikamwuliza kama haogopi Mungu kukasirika. Akasema Mungu si mkubwa wa biro, wa kuandikiwa barua ya heshima. Nikamwuliza tena, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, kwa nini basi anarudi kila siku, kama woga ameshautoa. Hapo akaniangalia kwa uchovu, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyokonda.

"Amani iko sawa mayi," akasema, akinionyesha kijito. "Hauwezi kuichota ya mwaka muzima. Ya leo inaisha leo. Kesho unarudia na bidoni yako."

Halafu akanipa jembe. Akasema, "Sema yako," akaenda kukaa mbali, akanigeuzia mgongo.

Ile siku nilijua mambo magumu ni yapi. Mwishowe nikaanza, kwa Kiswahili, kwa sababu Kinande changu hakikuwa na nguvu hizo. Nilimwambia Mungu kwamba mama alisema wiki moja. Nilimwambia kwamba simpendi tena Yeye na ninaomba anisamehe kwa hilo, na kama hanisamehe basi. Nilimwambia amnyamazishe mama jirani. Nilimwambia kwamba nilisahau sauti ya mama, na kwamba nilijaribu asubuhi kuikumbuka nikashindwa, na hapo ndipo maneno yakaisha nikabaki nalia na kupiga jembe chini, hata nikakata puaro tatu. Koko hakugeuka.

Hakuna sauti iliyonijibu. Barabara haikufunguka. Lakini jioni ile nilikula, na koko naye akala, na tulipopiga magoti alfajiri nilifumba macho. Si kwa kuwa nilikuwa mwema. Nilikuwa nimeshamwambia Mungu yaliyokuwa moyoni, na hapakuwa na sababu ya kumchungulia tena.

Tukawa tunashuka wawili kila mchana. Baba alituuliza siku moja puaro zinaendeleaje. Koko akamjibu kwamba zina kazi nyingi mwaka huu.

Wiki ya nne mama jirani alikuja mbio, saa tisa za mchana, hana kitambaa kichwani, makala yake ameyaacha wazi. Alisema mama yangu anakuja. Amemwona kwa macho yake, yuko kwenye njia ya mashambani na kundi la wakimbizi. Baba alikuwa anasahihisha daftari. Alivua miwani, akamwambia kwa upole wa mtu aliyefika mwisho, "Mama, pardon, leo hapana." Basi, siku moja katika mwezi mzima alileta habari ya kweli, na hakuna aliyeinuka. Maskini, alisimama pale kiwanjani akiapa kwa watoto wake, na alikuwa bado anaapa mama alipoingia nyuma yake.

Sikumtambua kwa haraka. Alikuwa na matope mpaka kiunoni, amekonda, amevaa koti la mwanaume. Alinitazama, akasema jina langu, na sauti niliyokuwa nimeisahau ikanirudia yote mara moja. Nilimkimbilia, nikamkumbatia kiunoni, na hapo nikahisi mgongoni mwake kitu kinachosogea. Alikuwa amebeba mtoto mchanga.

Koko alitoka jikoni. Alimshika mama uso kwa mikono miwili, akamtazama, kisha akatazama juu ya bega lake, kwenye njia. Aliendelea kutazama. Wakimbizi wengine walikuwa wanapita, kila mmoja kwenda kwa watu wake, na njia ikabaki tupu.

"Na mwenye mutoto?" akauliza.

Mama aliketi chini, hapohapo, na mtoto mgongoni. Alieleza kwa maneno machache. Mama mdogo alizaa salama, mtoto wa kiume. Siku ya pili risasi zilifika Bungulu, watu wakakimbilia mashamba ya kakao, naye alikimbia akiwa hajapona. Damu haikukata. Alikaa siku tatu chini ya miti ile. Watu wasiomjua walimchimbia kaburi, wakamwimbia wimbo, mmoja wao akatoa shuka lake. Baadaye mama alipita milimani, kutoka kijiji hadi kijiji, akiombea mtoto maziwa kwa wanawake wanaonyonyesha.

Alimfungua mtoto kutoka mgongoni mwa mama, akamwingiza jikoni, akamnawisha kwa maji ya uvuguvugu. Nilisimama karibu yake nikiwa nimeshika sabuni. Maji yalimwagika beseni zima, lakini hakumwangusha.

Mchungaji wetu alifika jioni hiyo kabla ya giza, mzee mzuri aliyependa mambo yaende kwa utaratibu. Watu walikuwa wameshajaa. Akasema tusimame tumshukuru Mungu kwa kuwa mmoja amerudi. Koko alikuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto mapajani. Akainua kichwa.

"Pasteri, uombe," akasema. "Mais ya asante, bado. Niko na maneno na Yeye kwanza."

Niliona wazee wawili wanatazamana. Mchungaji alikaa chini tena, polepole, na kwa sifa yake ya milele hakusema neno lolote la kufundisha. Alikaa nasi tu.

Kesho yake koko alishuka bondeni asubuhi na mapema, peke yake, na safari hii hata mimi sikumfuata. Alirudi jua likiwa utosini. Sijui alisema nini kule. Alirudi sauti imekauka, akaomba chakula, akala.

Jumapili ya tatu baada ya mama kurudi, kanisani, wakati wa ushuhuda, alisimama. Kanisa letu lilikuwa na benchi za mbao zinazolia, na siku ile hakuna benchi lililolia. Alimbeba yule mtoto. Akasema, "Niliomba Mungu babinti babili. Amenirudishia moja, na huyu. Hapana elewa juu ya nini. Nilimwambia vile, nilimwambia na hasira, siku mingi." Akamrekebisha mtoto begani. "Hakunifukuza. Njo ile tu nilitaka niwaambie." Akaketi.

Hiyo ndiyo imani niliyoipokea, rafiki yangu, na hadi leo nikisikia mtu anauza nyingine iliyo laini zaidi, nachoka kabla hajamaliza.

Koko alikufa miaka michache baadaye, kitandani mwake, kwa uzee, jambo ambalo kwa miaka ile lilikuwa anasa. Binamu yangu, mtoto wa mgongoni, ni muuguzi sasa, na amechagua kufanya kazi Beni kulekule, ambako watu bado wanakimbia, na mimi kila simu yake isipopokelewa chakula hakinipiti. Baba alipata kuona Kasai mara moja kabla ya kufa. Mama yuko, na hapendi kusimulia. Bondeni pamejaa nyumba hadi kijitoni, na kijito chenyewe kimekuwa mfereji wa maji machafu.

Lakini ninachokikosa zaidi hakikuwa cha kushikwa kwa mkono. Wanangu wamezaliwa mji mwingine, wanaomba kwa Kifaransa, kwa adabu kubwa, kama watu waliopewa miadi. Hawajui kama inawezekana kumwuliza Mungu alifikiria nini. Na Kinande changu mimi kimebaki cha kusalimia na cha kununua viazi. Siku hofu inaponipata nafunga mlango wa jiko, naanza kama alivyoanza koko, namwita kwa jina alilomwita. Baada ya sentensi mbili maneno yananiishia, kwa sababu koko hayupo, mama hapendi, na hakuna mwingine wa kuniambia hasira ile inaendeleaje kwa lugha ile. Basi nakaa kimya. Nakaa hadi mabega yawe mengine, siku nyingine yanakuwa, siku nyingine hayawi, na kesho yake nafunga mlango tena.